Nani Amesoma Damu Yako?

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokwisha. Sina digrii, sina namba ya usajili popote, na hii kazi yangu ya kuandika haihitaji leseni ya mtu. Kwa hivyo ukinisikia natetea makaratasi ya serikali, jua sijalipwa.

Mwaka jana mamangu aliugua. Joto mwilini, kichwa, mgongo. Tukaingia kachumba kamoja kando ya duka la dawa, huku Kaptembwo. Kijana mwenye koti jeupe akamtoa damu, akaenda nyuma ya pazia, na hata sijamaliza kusoma bango la ukutani, jibu likatoka: malaria na taifodi. Zote mbili. Mama akamwambia, "Asante daktari." Tukalipa, tukabeba dawa. Baada ya wiki moja alikuwa hawezi kusimama. Hospitalini wakapata maambukizi ya mkojo yaliyokuwa yamefika kwenye figo. Alilala huko siku sita.

Nilianza kuuliza maswali nikiwa nimechelewa. Mji wa Nakuru uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Malaria hapa si jirani wa kila siku. Mtu aliyesomea maabara angeuliza: mama, umesafiri hivi karibuni? Halafu taifodi. Kipimo kinachopendwa mtaani ni cha Widal, kilichoanza kutumika mwaka 1896. Hakitafuti kijidudu chenyewe, kinatafuta kingamwili, na hizo unaweza kuwa nazo kwa sababu uliugua zamani. Kuotesha damu ili kijidudu kionekane huchukua siku kadhaa. Hakuna pazia linaloweza kuharakisha hiyo kazi.

Sheria tunayo. Sheria nambari 10 ya mwaka 1999 iliunda bodi ya mafundi na wanateknolojia wa maabara za tiba, ile tunayoiita KMLTTB. Huwezi kushika damu ya Mkenya bila kusajiliwa na bodi, na usajili peke yake hautoshi, leseni unairudia kila mwaka. Maabara yenyewe pia lazima isajiliwe. Sawa kabisa. Dereva wa matatu akikosea, tunaona gari mtaroni. Wa maabara akikosea, kosa linaandikwa kwenye karatasi safi na kupigwa muhuri, na daktari wa kweli anatibu kosa hilo.

Shida yangu ni jinsi sheria hii inavyouma, na inamuuma nani.

Binamu yangu ana diploma ya maabara. Alipita mtihani wa bodi, akasajiliwa, akapata kazi kwenye kliniki ndogo upande wa Molo. Mshahara unachelewa miezi miwili, mitatu. Leseni yake imeisha na mwajiri anamwambia hiyo ni yako, jipange. Yeye anajua kusoma slaidi, anajua Widal haitoshi, na amewahi kugombana na bosi kwa kukataa kuandika taifodi ya kuuza dawa. Lakini leo, mbele ya sheria, yeye na yule kijana wa pazia ni kitu kimoja.

Tena yeye ndiye rahisi kushikwa. Bodi ina jina lake, namba yake, simu yake. Yule wa pazia hayuko kwenye daftari lolote. Ukitunza daftari bila kutembea mtaani, utawabana waliojiandikisha tu, na aliyejificha ataendelea kutoa majibu kwa dakika kumi.

Kuna wenzangu wataniambia, acha vibanda, watu wa Rhonda na Free Area wataenda wapi na bei ya hospitali? Naielewa hiyo hoja, ndiyo ilituingiza kwenye kale kachumba. Lakini tulilipa mara mbili: kibandani, kisha wodini. Maskini ndiye hana pesa ya kupimwa uongo.

Ninachotaka ni vitu vitatu. Mwajiri alipe leseni ya kila mtu wa maabara anayemwandika, na akishindwa, faini iwe yake. Anayemaliza masomo asilipishwe leseni ya mwaka wa kwanza kabla hajapata mshahara wa kwanza. Na wakaguzi washuke mitaani bila kupiga simu kwanza, jioni na wikendi, wakati vibanda vimejaa.

Nilimsomea binamu yangu haya. Akanyamaza, kisha akasema, "Kaka, wakija wataanza na mimi. Wewe utanilipia leseni?"

Sina hiyo pesa, na nilimwambia hivyo. Pia nilimwambia siwezi kuomba ukaguzi unaomruka yeye kwa sababu ni damu yangu. Hatujaongea vizuri tangu siku hiyo.

Wewe nawe, ukienda kupimwa wiki hii, kabla hujatoa mkono uliza: umesajiliwa? Leseni ya mwaka huu iko wapi? Aliye nayo hatakasirika, ataionyesha. Asiyekuwa nayo, muulize swali la pili: ni yeye hajalipa, au ni bosi wake?