Mzazi Aliye Safarini Naye ni Mzazi

Katika shule zetu ipo amri moja ambayo kila mwanafunzi anaifahamu: "Nenda nyumbani, urudi na mzazi." Amri hiyo ni fupi, na aghalabu hutolewa kwa nia njema. Lakini haiulizi mzazi yuko wapi.

Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu, mkazi wa Shika Adabu huku Likoni. Nina watoto wawili, na mama yao alifariki mdogo wao akiwa na umri wa miaka mitatu. Mwaka jana mwanangu mkubwa alipewa amri hiyo mara mbili, nami mara zote mbili nilikuwa kwenye foleni ya Malaba. Kosa lake lilikuwa kuchelewa. Alichelewa kwa sababu ni yeye amfikishaye mdogo wake shuleni kabla ya kuelekea kwake, maana shangazi yao, tunayeishi naye, wakati huo huwa yuko kwenye mahamri yake yanayotusaidia kulipa kodi ya nyumba. Shangazi mtu alipofunga biashara akaenda shuleni, aliambiwa kwamba yeye si mzazi. Kijana akakaa nyumbani siku nne, na masomo yakampita.

Mwalimu wa hisabati anaweza kulifanya jambo hili kuwa swali. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni takriban kilomita 1,150. Sheria ya trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Lori lililobeba kontena likienda kilomita 50 kwa saa, litachukua siku ngapi kwenda na kurudi? Jibu ni karibu siku sita, na hapo hatujahesabu mizani ya Mariakani, karatasi za forodha, kungoja kupakua, wala pancha. Dereva anayeitwa Jumatatu afike shuleni Jumatano anaitwa na mtu ambaye hajaipiga hesabu hii. (Wako matajiri wa malori ambao hawaitaki hesabu hii pia, na humsukuma dereva aendeshe usiku kucha, nao wanastahili makala yao.)

Ushauri ninaopewa mara nyingi ni miwili. Wa kwanza ni kwamba nioe. Sina ugomvi na ndoa, ila sioni kwa nini mwanamke aletwe nyumbani kwangu ili awe saini ya kupeleka shuleni. Wa pili ni kwamba niache barabara nitafute kazi ya mjini. Huu nimeuonja pasipo kupenda. Serikali ilipoamuru mwaka 2019 kwamba makontena ya bara yapelekwe kwa reli, malori mengi yaliegeshwa na madereva tukarudi majumbani. Mimi nilikaa miezi saba bila kazi. Katika miezi hiyo sikukosa mkutano hata mmoja wa wazazi. Nilikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kutajwa katika orodha ya wadaiwa. Watoto walikuwa na baba nyumbani, lakini hawakuwa na pesa za mtihani. Rais Ruto aliagiza Septemba 2022 shughuli za mizigo zirudishwe bandarini Mombasa, na mwenzenu akakamata usukani tena.

Wala sisi madereva si peke yetu. Katika madarasa ya Likoni wamo watoto ambao mama zao wanafanya kazi Saudia, na hao hawawezi kufika hata kwa notisi ya mwezi mzima. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, wawe wameoana au hawakuoana. Haisemi kwamba utunzaji hupimwa kwa kuketi kwenye benchi nje ya afisi ya mwalimu mkuu.

Nanyi wanafunzi, nina neno. Enzi za ukimwi dereva wa lori alinyoshewa kidole kuwa ndiye mwenye kusambaza maradhi, na mwaka 2020, wakati wa korona, kidole kilekile kikarudi. Mwanangu aliulizwa na wenzake kama babake amewaletea kirusi kutoka mpakani. Unga mliokula nyumbani wiki hiyo ulifika kwa lori.

Ninaloliomba kwa walimu ni dogo. Tarehe za mikutano zitolewe mwanzoni mwa muhula, ili niweze kuomba safari fupi ya Nairobi wiki hiyo. Na kwa kuwa barabara ya Dongo Kundu imefunguliwa hadi upande wetu wa kusini tangu 2024, nikishusha mzigo Miritini naweza kufika shuleni bila kungoja feri. Simu ya mzazi ihesabiwe kuwa mzazi. Na mlezi aliyetajwa kwa maandishi apokewe bila kuhojiwa nasaba. Barua ya kumtaja shangazi yao nimekwisha kuiandika, naibu wa chifu ameipiga muhuri, na nakala iko shuleni tangu muhula uliopita. Bado sijajibiwa.