Msondo wa Sidab na Santuri ya Waayalandi

Hakuna baraza la Wazanzibari hapa Maskati lisilokuwa na mzee wa kuulilia muziki. Kahawa haijapoa, keshaanza: taarabu imekufa, watoto hawaijui hata Ikhwani Safaa, wamejifungia vyumbani na makelele ya Kizungu. Miaka yote tumekuwa tukiitikia kwa adabu. Safari hii wazee wetu watusamehe, hatuitikii. Makelele hayo tumeyasikiliza, santuri moja khasa, mwanzo mpaka mwisho na si mara moja, na tumeona kuwa wa kulaumiwa si watoto.

Santuri yenyewe ni ya kundi liitwalo The Pogues, ilitoka mwaka 1985. Jina lake ni Rum, Sodomy & the Lash, na tafsiri yake hatuiweki hapa, maana gazeti hili linasomwa na mama zetu. Tosha kusema ni mzaha wa zamani juu ya maisha ya mabaharia wa jeshi la Uingereza. Jaladani wametia ile picha maarufu ya Mfaransa Géricault, ya watu walioharibikiwa na chombo wakaachwa juu ya chelezo katikati ya bahari, ila nyuso za baadhi yao wamezifuta wakaweka zao wenyewe. Sisi ambao wazee wetu waliiacha Unguja mwaka 1964 kwa namna walivyoiacha, hatukuhitaji mtu wa kutufafanulia picha ile.

Kundi hilo liliundwa London mwaka 1982. Mwimbaji wake, Shane MacGowan, alizaliwa Uingereza mwaka 1957 kwa wazazi wa Kiayalandi, utotoni akaishi na jamaa zake Tipperary, khalafu akakulia London. Miaka hiyo Uayalandi haukuwa jambo la kujivunia katika mitaa ya London. Wengi wa wazee wao walikuwa vibarua wa majenzi na barabara, na kila bomu la IRA likiripuka, mwenye lafudhi ile akitazamwa kwa jicho la pembe. Kijana wa namna hiyo kwa kawaida huificha asili yake. Hawa walizichukua nyimbo za vibarua, za askari na za wahamiaji, wakazipiga kwa panki, ule muziki wa mbio na hasira uliozagaa London miaka ya 1970, lakini mikononi wameshika kodiani, banjo na filimbi ya bati. Mpiga filimbi wao, Spider Stacy, akifika mahali pa kunoga alikuwa akijigonga kichwani kwa sinia la bia, iwe ndiyo ngoma. Msomaji aliweke akilini sinia hilo, tutalirudia.

Kule Ayalandi wapo mabingwa wa muziki wa asili waliokasirika. Walisema wazi kuwa vijana hawa wanauvunjia heshima muziki wao. Isitoshe, baadhi ya wanakundi walikuwa Waingereza watupu, na katika nyimbo zinazopendwa zaidi za santuri ile, mmoja ni wa Ewan MacColl juu ya Salford, mji wa viwanda wa Uingereza, na mwengine ni wa Eric Bogle, Mskochi aliyehamia Australia, juu ya askari aliyepoteza miguu Gallipoli. Kwa kipimo cha baraza letu, hapo hakuna asili hata chembe. MacGowan alifariki tarehe 30 Novemba 2023. Jeneza lake lilipitishwa katika mitaa ya Dublin, watu wamejipanga njia nzima, na rais wa nchi akahudhuria misa ya maziko huko Nenagh. Ulevi wake hatuusifu, ulimla mwili kwa miaka mingi. Tunasema tu kwamba aliyeambiwa anawaaibisha ndiye waliyemlilia.

Sasa twendeni Sidab, si mbali. Ukitoka Maskati ya zamani kuelekea al-Bustan, milima ya mawe inasogea mpaka inakaribia kukutia baharini, na hapo ndipo wavuvi walipojenga. Tulialikwa harusi. Baada ya chakula ikaanza leiwa: watu wamefanya duara, mpiga zumari anazunguka ndani yake mashavu yamemvimba, msondo umesimamishwa na ngoma ndogo zikiujibu, na kando amechutama mtu mmoja analigonga debe la bati kwa vijiti viwili. Sinia la Spider Stacy ndilo hilo, na huku limeanza kugongwa kabla babu yake Stacy hajazaliwa.

Tukatega sikio. Maneno mengi yalikuwa yetu! Mengine yameshasagika kama mawe ya pwani, huyatambui kitu, lakini kila baada ya kitambo linachomoza neno la Kiswahili zima zima. Tukamwuliza mwimbaji, mzee wa makamo ya baba zetu, maana yake nini. Akatujibu kwa Kiarabu kuwa hajui, ndivyo alivyowakuta wazee wake wakiimba. Yeye asiyeyajua maneno alikuwa anaimba mpaka jasho linamtoka. Sisi tunaoyajua tulikuwa viti vya nyuma tunaangalia saa. Na mmoja wetu, hatumtaji, akasema kwa sauti ya chini: "Si ngoma za watumwa hizi."

Neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kiswahili kililetwa pwani hii na mabaharia waliokwenda na kurudi kwa misimu ya pepo, na kililetwa pia na watu waliofungwa kamba bara, wakapitishwa Unguja na kuuzwa. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hapa Oman utumwa wenyewe ulikuja kukomeshwa rasmi mwaka 1970. Mwaka huo huo, aliposhika nchi Sultani Qaboos, ndipo mlango ulipofunguliwa kwa sisi tuliotoka Afrika. Wao walipewa uhuru, sisi tukapewa pasipoti. Tukaingia na vyeti vyetu na Kiingereza chetu katika wizara, mabenki na mahospitali, na jioni tukakaa barazani kujiita walinzi wa Kiswahili. Miaka zaidi ya hamsini walinzi hao hawajakwenda Sidab kumwambia mtu anaimba nini.

Mtatuambia kuwa sisi watu wa taarabu, na taarabu ni kitu cha adabu. Haya. Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki, kwa ajili ya kasri yake, na kasrini ukabaki ukiimbwa kwa Kiarabu. Aliyeutoa ukawa wa Kiswahili na wa kila mtu ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika ukoo wa watumwa, aliyekuwa akiuza vyungu, na mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kurikodi santuri. Kwa hiyo mzee anayeililia taarabu akiidharau leiwa, analia kwa jicho moja. Na kodiani ya taarabu aliileta nani, kama si Mzungu?

Wapo wasemao zumari ile inaumiza masikio. Lakini majeshi ya Oman yana zumari za mfuko za Kiskochi, zilizokuja na maafisa wa Kiingereza, wanazipiga hata juu ya ngamia, na zikipita tunasimama na simu zetu tukipiga picha. Kelele ni ile ile, tofauti ni gwaride. Wapo pia wanaoogopa mashetani. Hilo tunawaachia masheikh. Sisi tunazungumzia maneno, na maneno hayampandi mtu kichwani.

Kituo cha Oman cha Muziki wa Asili kipo tangu mwaka 1983 na kazi yake ya kurikodi ni ya kushukuriwa, lakini kanda haimwulizi mtu maana ya neno. Hiyo ni kazi ya wenye lugha. Wazee wetu tunawataka watangulie Sidab na daftari, na wale vijana wenye magitaa huko Seeb na al-Khuwair wawafuate nyuma, wakiharibu wanachotaka kuharibu. Tutawasikiliza hata wakipiga vibaya.

Usiku ule wakati tunaondoka, mzee mwimbaji alitufuata mpaka kwenye gari. Alikuwa na neno moja alilokuwa akilifikiri tangu tulipomwuliza. Siku zote alidhani ni jina la mwanamke. Neno lenyewe ni "tanga." Tukamwambia tanga ni lile la chombo, na Tanga ni mji, uko pwani ya Tanganyika. Akacheka, akalitamka mara mbili, kisha akauliza: katika wimbo ni lipi kati ya hayo mawili? Hatukuweza kumjibu mpaka atuimbie tena kuanzia mwanzo, na dereva alikuwa keshatia moto.