Mkato wa Kigoma, Mkato wa Kalemie

Mzigo wa mchele ukitoka Kigoma kuja huku Kalemie, Kongo, karatasi yake inavuka ziwa ikiwa na tarakimu za shule nyingine. Huku, kwa desturi ya Kifaransa, mkato hutenga desimali: kilo 1,500 ni kilo moja na nusu. Ng'ambo wanafuata Kiingereza, na mkato huohuo unatenga maelfu. Nasi tukiandika 1.500 kwa kumaanisha elfu moja na mia tano, karani wa kule ana haki ya kusoma moja na nusu. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mkataba wa Jumuiya wa 1999 ulitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Karatasi hizi zitaongezeka tu.

*

Kuhusu vijana wanaoandika maombi ya kazi kwa Kiingereza. Aliyefunzwa Kifaransa vizuri huacha nafasi kabla ya nukta mbili na alama ya kuuliza, huandika siku na miezi kwa herufi ndogo, hunukuu kwa « ». Ukihamishia mazoea haya kwenye Kiingereza, yote yanageuka makosa: alama hushikana na neno, Monday na April hutaka herufi kubwa, hata English yenyewe. Mwajiri anaona uzembe, kumbe ni nidhamu ya lugha nyingine. Hili linaniuma, kwani wengi wa vijana hawa wana Kitabwa au Kiluba cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na Kifaransa cha darasani kabla hawajafika kwenye Kiingereza.

(Apostrofi ndiyo ngumu kuliko zote. Kifaransa kinaitumia irabu inapodondoka, l'eau. Kiingereza kinaongeza umiliki, the teacher's book, kisha kinainyima its. Hapo hata Waingereza hupotea.)

*

Alama moja hugharimu hata fedha: mwaka 2017, huko Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walishinda rufaa ya malipo ya saa za ziada kwa sababu orodha katika sheria ilikosa mkato mmoja. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.

*

Ombi kwa walimu wa Kiingereza: andikeni barua moja ubaoni mara mbili, Kifaransa kushoto, Kiingereza kulia, wanafunzi wazungushie duara kila alama iliyobadilika. Na makarani wa bandarini waandike 1500, bila nukta wala mkato, na pembeni yake kiasi kwa maneno.