Majibu ya maabara na foleni ya Kobero

Mfanyabiashara anayepeleka mchele Gitega kupitia Kobero na Muyinga huhesabu nauli, ushuru na bei ya sokoni. Maabara haimo katika hesabu yake, ingawa ndiyo inayoweza kumlaza mpakani.

Julai 25, 2024 Burundi ilitangaza mlipuko wa mpox baada ya maabara ya INSP, Bujumbura, kuthibitisha wagonjwa watatu. Januari 20, 2025 Tanzania ilitangaza Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, mkoa unaopakana na Muyinga. Sampuli ilipimwa kwanza katika maabara inayohamishika ya Kabaile, Kagera kwenyewe, kisha Dar es Salaam ikathibitisha. Machi 13 mlipuko ulitangazwa kwisha.

Umbali wa maabara hugusa mfuko. Mwaka 2020 madereva wa malori walikwama mipakani wakisubiri majibu ya Uviko-19, na cheti cha nchi moja kilikuwa kikikataliwa na jirani, hadi Jumuiya ilipoweka utaratibu wa kutambuliana vyeti.

Chuo Kikuu cha Burundi na hospitali yake ya kufundishia, Kamenge, viko Bujumbura, magharibi; Kobero iko kaskazini-mashariki. Wataalamu na mashine wakibaki huko tu, kila tetesi ya homa Muyinga itangoja sampuli isafiri, na nyanya hazingoji.

Vyama vya wafanyabiashara vinavyodai barabara nzuri vidai pia uwezo wa kupima magonjwa haya Muyinga, na majibu yanayokubalika ng'ambo, Kabanga.