Mafua si mzaha kwa mtoto mchanga

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, neno mafua halimtishi mtu. Mwenye mafua hutaniwa, hushauriwa anywe chai ya tangawizi, kisha huendelea na shughuli zake. Mtu mzima mwenye afya aghalabu hupona baada ya siku chache. Lakini virusi vile vile vya influenza vinavyompigisha baba chafya, vikimwingia mtoto wa wiki mbili, vyaweza kumfikisha kaburini. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa mkazi wa Pap Onditi, huko Nyakach, na wa vijiji vingine vya ufuo wa Ziwa Victoria. Malaria ni adui wa kudumu katika sehemu hizo, na mtoto akichemka mwili, fikira za kwanza humwendea mbu. Hivyo influenza hupita kimyakimya, imejificha nyuma ya jina la ugonjwa mwingine. Aidha, tofauti na nchi za baridi ambako ugonjwa huu una majira yake, hapa Kenya hupatikana karibu mwaka mzima.

Wala eneo hili si kisiwa. Mwishoni mwa Juni 2009, mgonjwa wa kwanza nchini wa influenza mpya ya mwaka ule alithibitishwa kuwa mwanafunzi wa Uingereza aliyekuwa amefikia Kisumu. Ugonjwa unaosafiri na abiria haukosi njia ya kufika Katito, Sondu wala Pap Onditi.

Ubaya wake kwa mtoto mchanga ni kwamba haujitangazi. Huenda asikohoe, na huenda hata mwili usipate joto. Dalili ni kukataa kunyonya, kulegea, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, au kuacha kupumua kwa muda. Mama aonaye mojawapo ya haya asingoje kuche, wala asimnunulie mtoto dawa dukani. Ampeleke hospitali mara moja.

Je, mtoto huyu akingweje? Chanjo ya influenza haitolewi kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Kinga yake, basi, haina budi kutoka kwa mama. Mjamzito akichanjwa, mwili wake hutengeneza kinga inayopita katika kondo na kumfikia mtoto kabla hajazaliwa. Haya si maneno matupu. Utafiti wa Bangladesh uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba influenza iliyothibitishwa na maabara ilipungua kwa asilimia 63 miongoni mwa watoto ambao mama zao walichanjwa. Ule wa Afrika Kusini wa mwaka 2014 ulionyesha upungufu wa karibu nusu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zinazotoa chanjo hii ziwatangulize wajawazito.

Ajabu ni kwamba mama zetu wamezoea kudungwa sindano ya pepopunda kliniki, nao wanajua kwamba inamlinda mtoto. Njia imekwisha kufyekwa. Kinachokosekana ni chanjo ya pili kupitishwa humo. Watasema wenye hazina kwamba influenza hubadilika, na chanjo yake hulazimu kununuliwa upya kila mara. Ni kweli. Lakini kumlaza mtoto hospitalini, akipumua kwa mtungi wa oksijeni, nako si bure, na kwa mzazi maskini gharama huanza na nauli. Wizara ya Afya ifanye hesabu hiyo kwa uwazi, na serikali ya kaunti, iliyokabidhiwa zahanati tangu ugatuzi wa mwaka 2013, iidai kwa niaba ya watu wake.

Hadi hapo, ulinzi uko mikononi mwetu. Kumlaki mtoto ni furaha ya ukoo mzima, nasi hupenda kumpokezana kutoka kifua hadi kifua. Hata hivyo, mwenye kukohoa na atoe pongezi zake akiwa mlangoni, na anayetaka kumpakata anawe mikono kwa sabuni kwanza. Heshima ya nyanya wala ya shangazi haipungui kwa hilo. Mama mwenye mafua asimwachishe mtoto ziwa, kwa maana maziwa yake ni kinga. Ajifunike pua na mdomo kwa kitambaa safi, anawe mikono, kisha anyonyeshe.

Tumelia vya kutosha juu ya makaburi madogo, tukisema ni kazi ya Mungu. Palipo na kinga inayojulikana, kumsingizia Mungu ni kukwepa wajibu wetu.