Msiba, Utani na Michezo ya Kutisha

Wapo wanaodai kwamba michezo ya video ya kutisha ni upuuzi unaoharibu akili za vijana. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ni ya haraka, kwani baadhi ya michezo hiyo hueleza jambo zito: namna binadamu anavyopambana na kifo cha ampendaye.

Tuchukue Silent Hill 2, uliotungwa Japani na kutolewa mwaka 2001. Mhusika wake, James, alipokea barua yenye jina la mkewe aliyekwisha kufariki, akaenda kumtafuta katika mji uliojaa ukungu. Mazimwi anayokutana nayo humo ni sura ya majuto yake mwenyewe. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: ZAU, mchezo uliotokana na kufiwa na baba yake. Huo si wa kutisha, lakini kiini chake ni kile kile: kijana Zau apatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba.

Saikolojia yatupa mwanga. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya hali mbili: mara hukabili uchungu wake, mara huuweka kando na kushughulikia maisha. Kwenda na kurudi huko si udhaifu, bali ni sehemu ya kupona.

Mila zetu nyingi zilikwisha kulitambua jambo hilo. Msibani mtani huiga mwendo na usemi wa marehemu hata wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Kisha kilio huanza tena. Mchezo nao huruhusu hayo kwa kiasi, maana mchezaji aweza kuikabili hofu, kisha akauzima.

Hata hivyo, mchezo hauna mtani. Mwanafunzi wa Vugiri, milimani Korogwe, akifiwa, majirani huja kukaa naye. Mchezo waweza kumtisha, hata kumliza, lakini hauwezi kumwuliza kama amekula.

Kwa hiyo walimu wasiikemee tu michezo hii, wala wasiisifu ovyo. Wamwulize mwanafunzi swali moja: mchezo ukiisha, warejea kwa wenzako, au wazidi kujifungia? Jibu lake ndilo kipimo.