SEHEMU YA 4: ACHENI KUMUUZIA "KIONGEZA KINGA" MTU ANAYEHARISHA DAMU

Ndugu zangu wa Sumbawanga, Laela, Matai, Namanyere, mpaka kule bondeni Mtowisa, leo sibembelezi mtu.

Kuharisha damu huku kwetu mara nyingi ni maambukizi: amiba, bakteria, kichocho cha tumbo. Vipimo vipo, dawa zipo. Kapime choo.

Ila kuna mgonjwa mwingine. Anaharisha damu na makamasi miezi sasa, usiku anaamka kukimbilia choo, anakonda, viungo vinauma. Kapima choo, hakuna mdudu. Flagyl kanywa dozi tatu, wapi! Mtaani washamhukumu: "kaukwaa." Akipima VVU akakutwa hana, wanahamia kwenye kurogwa. Na mji wenyewe jina lake ni tupa uchawi!

Huyo anaweza kuwa na kolaitisi ya vidonda, inayoshika utumbo mpana, au ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Hauambukizi. Si laana.

Sikiliza sasa. Utumboni wanaishi bakteria wengi mno, na wengi wao hawana ubaya na sisi. Kinachotutenganisha nao ni ute na safu moja tu ya seli. Nyuma yake kinga ya mwili iko zamu, na inatakiwa ijue nani wa kumpiga na nani wa kumwacha. Kwenye magonjwa haya inashindwa kujizuia. Chembe nyeupe zinajazana kwenye ukuta wa utumbo, zinamwaga kemikali za vita dhidi ya bakteria waliokuwa wametulia. Ukuta unavimba, unachubuka, unatoa damu. Kwa hiyo kinga ya huyu mtu haijapungua. Imezidi, tena inampiga mwenyewe.

Ndiyo maana dawa za hospitali, kama prednisoloni na azathioprini, zinaituliza kinga.

Sasa wewe mwenye spika pale stendi na unga wa "kupandisha kinga", nijibu. Kama unga wako haufanyi kitu, umekula hela ya mahindi ya mtu bure. Kama kweli unachochea kinga, umemwongezea kuni mtu anayeungua. Chagua moja.

Na wewe wa duka la dawa, usisome hapa ukakimbilia kuuza prednisoloni kwa kubahatisha! Mwenye amiba ukimpa hiyo, utumbo unaweza kutoboka. Mwenye TB ya utumbo, unaifungulia mlango. Kwanza maambukizi yatafutwe, TB na VVU vikiwemo. Halafu kamera ya utumbo na kinyama cha kupima. Ukiandikiwa rufaa ya Mbeya, panda gari. Jumlisha hela uliyomaliza kwenye unga na vichupa, uone kama nauli haimo humo.

Sisi wa kada ya afya nasi tuambiane. Mgonjwa akirudi mara ya tatu na damu ileile, dozi ya nne ya Flagyl ni kumfukuza kistaarabu. Mwandikie rufaa.

Ukiwa na homa, tumbo limejaa na kukaza, damu nyingi au kizunguzungu, usisubiri gulio lipite. Hospitali leo leo.

Mtumie huyo unayemjua. Unamjua.

Sehemu ya 5: kwa nini ukipata nafuu usiache dawa bila kumuuliza daktari.